Kusoma sheria Butembo na Beni: kutoka fakilte mpaka kazini

Matokeo ya Exetat yakitoka, kwenye nyumba nyingi za Butembo na Beni swali ni moja: mtoto aende kusoma nini? Sheria inatajwa haraka. Mzazi anaona toga nyeusi, anakumbuka shamba la babu ambalo liko tribinali tangu miaka, na anajisemea kwamba familia yenye mtu anayejua sheria haitanyang'anywa kitu. Basi kakao inauzwa, kahawa inauzwa, minervali inalipwa. Miaka mitano inapita. Hapo ndipo wengi wanagundua kwamba diploma ya sheria siyo ruhusa ya kumsambia mtu tribinali, siyo uhakimu, na peke yake haimfundishi kijana namna ya kuandika mashitaka ya jirani aliyeibiwa mbuzi.

Hii haina maana kwamba masomo hayo ni bure. Ni kusema tu kwamba fakilte inatoa nusu ya kazi, na nusu ya pili mwanafunzi anaitafuta mwenyewe, mapema, kwenye fasi ambazo ziko karibu naye na ambazo mara nyingi hazilipishwi kitu. Anayengoja mpaka siku ya kolasyo anakuwa amechelewa.

Miaka mingapi, na diploma gani

Zamani, kijana wa Beni ao Lubero aliyetaka kusoma sheria alipaswa kwenda mbali, Kinshasa ao Lubumbashi. Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1989, wakati Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben (UCG) kilipoanzishwa Butembo chini ya Askofu Emmanuel Kataliko. Fakilte yake ya sheria inajulikana kote katika mkoa. Kisha vyuo vingine vikaja, vya Leta na vya watu binafsi: Butembo iko na Chuo Kikuu cha Serikali cha Ruwenzori (UOR), Beni iko na kile cha Semuliki (UOS). Lakini siyo kila chuo kinafundisha sheria, na siyo kila nyumba yenye kibao cha chuo kikuu inakubaliwa na wizara ya ESU. Kuomba kuona karatasi ya ruhusa siyo kukosa heshima. Diploma ya chuo kisichokubaliwa haitafungua mlango wowote kati ya ile tutakayoitaja hapa.

Sasa kuna jambo la miaka, ambalo linachanganya wazazi sana. Mpango wa zamani ulikuwa na miaka 3 ya grada na miaka 2 ya lisansi: jumla 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, wakati Muhindo Nzangi alipokuwa waziri wa ESU, vyuo vyote vya Congo viliombwa kuingia katika mpango wa LMD. Huko lisansi ni miaka 3, masta miaka 2. Neno lisansi limebaki lilelile, lakini miaka siyo ileile. Sheria zinazopanga kazi ya avoka na ya hakimu ziliandikwa wakati lisansi ilikuwa ya miaka 5. Njo maana mzazi asipige hesabu ya miaka 3 na kufikiri kwamba mtoto amefika. Anayelenga toga ajitayarishe kwenda mpaka masta.

LMD ilileta kitu kingine ambacho wanafunzi wengi hawakukielewa. Mwaka mmoja ni kredi 60, na kredi hizo hazihesabu saa za mwalimu peke yake. Zinahesabu pia mazoezi na kazi ambayo mwanafunzi anafanya peke yake. Kwa maneno mengine, mpango wenyewe unamwambia mwanafunzi kwamba silabi ya asistanti haitoshi. Ukweli ni kwamba katika oditware zetu nyingi, zenye watu mamia na mikrofoni moja, silabi ingali mfalme. Inanunuliwa, inakaririwa, inarudishwa siku ya mtihani.

Kisha diploma

Kazi ya avoka inapangwa na ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Mwenye diploma anaapa mbele ya Korti ya Rufaa, anaandikwa kwenye orodha ya staji, kisha anatumika miaka 2 chini ya avoka wa zamani anayeitwa patroni. Akimaliza vizuri ndipo anaandikwa kwenye tablo ya baro. Katika miaka hiyo miwili anabeba dosie, anaandika barua, anaomba tarehe kwa grefye, anasimama kuomba ahirisho wakati patroni yuko kwenye tribinali nyingine. Wengi hawapati mshahara wa kweli, wanapewa tu nauli. Familia iliyouza shamba lote ili kulipa chuo inakuta bado kuna miaka miwili ya kumlisha mtu mzima mwenye suti. Ni vizuri kuipangia feza mapema.

Kuna mlango wa pili, ambao watu wanaudharau bila sababu: mtetezi wa mahakama, anayeitwa défenseur judiciaire. Ordonansi-sheria ileile ya 1979 ndiyo inampanga. Anaweza kusamba mbele ya tribinali ya amani (Tripaix) na mbele ya Tribinali ya Grande Instance (TGI), lakini si kwenye korti za juu. Katika mpango wa zamani, grada ya sheria ilitosha kwa kazi hiyo. Kesi nyingi za watu wa kawaida zinaanza na kuishia kwenye tribinali hizo mbili.

Hakimu ni njia nyingine kabisa. Baraza Kuu la Mahakimu (CSM) linaita konkuru, na anayefaulu anatumwa popote nchini, hata Bandundu ao Mbandaka. Konkuru haiji kila mwaka. Ile ya 2022 ilivuta vijana kwa maelfu kutoka kila mkoa. Kijana wa Oicha anayesema anataka kuwa hakimu ili alinde mashamba ya kwao ajue kwamba Leta haimuulizi kwao ni wapi.

Wenzetu wa ng'ambo ya Kasindi walichagua namna nyingine. Uganda, mwenye digrii ya sheria anapita kwanza kwenye Law Development Centre, chuo kilichoanzishwa Kampala mwaka 1970, ambako anajifunza kuandika hati, kuuliza shahidi na kusimama mbele ya hakimu. Tanzania nayo ina Shule ya Sheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kwetu, shule ya avoka ni ile kabine ya patroni. Akiwa patroni mzuri, umesoma. Akiwa patroni anayekutuma kununua mkate tu, miaka miwili imekwenda. Kwa hiyo kuchagua patroni ni jambo zito kuliko kuchagua chuo, na mwanafunzi anaweza kuanza kumchunguza tangu mwaka wa pili, kwa kuangalia tu nani anakuja tribinali na dosie iliyotayarishwa.

Hesabu ya siku

Ukitaka kujua kama mwanafunzi wa sheria amejitayarisha kwa kazi, usimuulize maana ya sheria. Muulize siku.

Mtu amekamatwa na polisi Ijumaa jioni, Mutiri ama Boikene. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema kuzuiliwa na polisi hakupite saa 48. Kisha hapo aachiliwe ao apelekwe parke. Parke ikimfunga kwa muda, ni lazima apelekwe mbele ya hakimu ndani ya siku 5. Hakimu akikubali aendelee kufungwa, ruhusa ya kwanza ni siku 15, kisha inaongezwa mwezi kwa mwezi. Hizo namba nne, 48, 5, 15, na mwezi, mama anayeuza ndizi sokoni angezijua, mtoto wake asingesahaulika ndani. Lakini mama hazijui. Na aliyezisoma kwenye Kodi ya mwaka 1959 na kupata alama 16 juu ya 20, mara nyingi hajawahi kuzihesabu kwenye kalenda ya mtu aliye hai.

Siku za rufaa ni vilevile. Kwa hukumu ya makosa ya jinai ni siku 10. Kwa kesi za madai ni siku 30, zinazohesabiwa tangu hukumu ifikishwe rasmi kwa mhusika. Kuna watu wa teritware ya Lubero wenye haki kabisa waliopoteza kiwanja kwa sababu walikuja mjini siku ya 40, wakiwa na mbuzi wa kumshukuru avoka.

Kiwanja chenyewe ni somo ambalo haliishi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Leta. Kwa ardhi za mila, sheria ileile iliahidi kwamba ordonansi ya rais itakuja kupanga haki za wenyeji. Haijakuja mpaka leo. Kwa hiyo mkulima wa Bashu ao wa Baswagha anaishi katikati ya mambo mawili: karatasi ya shefu ambayo kijiji kinaiheshimu, na sertifika ya ofisi ya viwanja ambayo tribinali inaiheshimu. Sertifika hiyo ikipita miaka 2 bila mtu kuishambulia, kuivunja kunakuwa karibu haiwezekani. Mwanafunzi ambaye hajawahi kupanda mlima na kuona mpaka wa shamba ulivyowekwa kwa mti na kijito, atauandika vibaya kwenye mashitaka yake, na hakimu atahukumu kwa kile kilichoandikwa.

Upande wa biashara, Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na fakilte zetu hazijauliza vya kutosha wafanyabiashara hao wanahitaji nini. Congo iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Sheria za OHADA zinatoa njia ya haraka ya kudai deni: mwenye deni lililo wazi, linalojulikana kiasi chake na ambalo tarehe yake imefika, anaweza kumwomba rais wa tribinali atoe amri ya kulipa, bila kwanza kupita kwenye kesi ndefu. Angalia sasa namna tunavyokopeshana: kontena inatoka Guangzhou, watu watatu wanagawana mali, feza zinahesabiwa kwenye meza, na karatasi ni daftari la shule. Siku ya ugomvi, daftari halionyeshi nani alipokea nini wala lini. Kijana anayejua kuandika kwa ukurasa mmoja mkataba wa kukopa bidhaa, na kuusoma kwa sauti kwa Kiswahili ili pande zote zielewe, hatakosa mkate Butembo, awe na toga ao hapana.

Luga tatu kwenye dosie moja

Hili ni jambo ambalo halina kozi. Dosie inaandikwa kwa Kifaransa. Mlalamikaji anasema kwa Kiswahili, na akikasirika ao akianza kulia anarudi kwenye Kinande. OPJ anasikiliza, anageuza kichwani mwake, anaandika PV kwa Kifaransa chake, kisha anamsomea mtu haraka na kumwambia atie sahihi ao kidole. Kati ya mdomo wa mama na karatasi, neno linaweza kubadilika kabisa. «Alinichukulia shamba» siyo sawa na «aliniomba shamba alime». «Alinisukuma» siyo «alinipiga». Kwa kesi za ubakaji, ambazo sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 ziliongezea nguvu, ni vibaya zaidi, sababu heshima ya luga zetu inafanya mtu azunguke jambo bila kulitaja.

Mwanafunzi wa hapa ana bahati ambayo mwenzake wa mbali hana: anaelewa zote tatu. Lakini kuelewa siyo kutafsiri. Zoezi moja linaweza kufanywa na wanafunzi watano chini ya mti, bila feza: mmoja anaeleza kisa kwa Kinande ao Kiswahili, wa pili anaandika PV kwa Kifaransa, wa tatu anairudisha kwa Kiswahili bila kusikia kisa cha kwanza, na wengine wanahesabu mambo yaliyopotea njiani. Wakimaliza wanabadilishana nafasi.

Fasi za kujifunza bila kulipa

Katiba inasema kesi zinasikilizwa hadharani, isipokuwa hakimu akiamua kufunga mlango kwa ajili ya usalama wa watu ao heshima. Basi mlango wa tribinali uko wazi. Tripaix ndiyo shule ya kwanza, sababu inahukumu makosa ambayo kifungo chake hakipite miaka 5, na migogoro ya familia, urithi na ardhi za mila: mambo ya kila siku kabisa. Kaa nyuma, funga simu, andika: hakimu ameuliza nini, avoka amekosea wapi, kesi imeahirishwa kwa sababu gani. Utashangaa kuona ni mara ngapi inaahirishwa kwa sababu mtu hakupata mwito kwa njia inayotakiwa. Hiyo ni kazi ya uisye na ya grefu, na kijana anayejua njia ya karatasi ndani ya grefu anamzidi mwenye kujua falsafa ya sheria yote.

Tribinali za kijeshi nazo zimekuwa shule hapa, kwa bahati mbaya ya vita. Novemba 2014, Korti ya kijeshi ya operesheni ilitoa hukumu hapa Beni katika kesi ya kifo cha Kolonel Mamadou Ndala, aliyeuawa tarehe 2 Januari mwaka huo. Halafu hali ya dharura iliyotangazwa Mei 2021 ikahamisha kesi za jinai za raia kwenye tribinali za kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Kwa siku moja, vijana waliojifunza kusamba mbele ya TGI walijikuta mbele ya auditora. Serikali ilianza kutangaza kulegeza hali hiyo Oktoba 2023.

Gereza ni fasi ngumu zaidi, na huko haiwezekani kwenda kama unaenda soko. Inaombwa ruhusa, na ni vizuri fakilte iombe kwa jina lake. Lakini angalia historia ya magereza yetu: Kangbayi, Beni, ilishambuliwa Juni 2017 na watu zaidi ya 900 wakatoka, ikashambuliwa tena tarehe 20 Oktoba 2020, wakatoka karibu 1,300. Kakwangura, Butembo, ilivunjwa Agosti 2022, zaidi ya 800 wakakimbia. Baadhi yao walirudi kwa mapenzi yao wenyewe. Aliyerudi anahitaji mtu wa kutafuta dosie yake: alikuwa amehukumiwa ao bado, amebakisha miezi mingapi, karatasi iko wapi. Kazi hiyo ni ya kuhesabu na kupekua, haihitaji ufasaha, na ndiyo inayomtoa mtu ndani.

Kliniki ya sheria ni jina la ofisi ndogo ndani ya fakilte ambako wanafunzi, chini ya mwalimu ambaye ni avoka, wanapokea watu maskini na kuwaeleza njia. Kama fakilte yako haina, wanafunzi wanaweza kuiomba. Kinachohitajika ni chumba, rejista na avoka mmoja mwenye moyo. Ila mpaka uwe wazi: mwanafunzi anaeleza, anaandika rasimu, anaelekeza. Hasambi, halipishi, wala hajiiti «mètre». Tayari tuna watu wengi wa korido wenye mkoba na bila diploma.

Mashindano ya kusamba yanasaidia pia. Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika ya Kusini, kinaandaa tangu 1992 shindano la haki za binadamu kwa fakilte za sheria za Afrika, na Kifaransa kinakubaliwa. Hata bila kufika huko, kesi ya kuigiza kati ya Butembo na Beni inahitaji nauli ya kilometa 54 tu, siku ambazo barabara imetulia.

Siyo toga peke yake

Wengine hawatakuwa maavoka, na si kushindwa. Duane ya Kasindi, ofisi za viwanja, benki na kooperative, mashirika ya kulinda watoto, grefu na sekretariati za parke: kote huko wanatafuta mtu anayejua kusoma maandiko na kuandika ripoti safi. Kitu kimoja cha kujua hapa kwetu ambako kila mtu ana duka: kazi ya avoka haikubaliani na kufanya biashara. Mtoto wa mfanyabiashara anayetaka kurithi magazini ya baba afikirie hilo kabla ya kuapa.

Kabla ya kulipa minervali, ndugu mzazi, uliza fakilte mambo haya: ni walimu wangapi ambao wenyewe wanasamba tribinali? Staji inaanza mwaka gani, na nani anaitafuta, chuo ao mwanafunzi? Kuna kesi za kuigiza mara ngapi kwa mwaka? Jumla ya malipo ni ngapi mpaka kazi ya mwisho itetewe, siyo minervali peke yake? Fakilte nzuri itakujibu bila kukasirika.

Kwa wale ambao wamekwisha kumaliza: baro imefungwa na Korti ya Rufaa, na kwa Kivu ya Kaskazini korti hiyo ilikuwa Goma. Tangu M23 iingie Goma mwisho wa Januari 2025, uongozi wa mkoa upande wa Serikali uko Beni, na njia ya karatasi imebadilika. Kabla ya kufunga safari kwa ajili ya kiapo ao orodha ya staji, uliza kwanza maavoka wa Butembo ao Beni dosie inawekwa wapi kwa sasa, na uende na kopi mbili za kila karatasi, moja ibaki nyumbani.